Hongo ya Maji

Jumatano baada ya chakula cha mchana shule yetu hugawanyika. Skauti huenda uwanjani na kamba zao. Wa mazingira hubeba ndoo kwenda kumwagilia miche. Wa mdahalo hufunga madirisha ya darasa la mwisho ili wasisikike nje wakikosea Kiingereza, na wa kupinga rushwa huvaa fulana zao za njano hata jua likiwa kali namna gani, kwa sababu ndiyo klabu pekee iliyowahi kupata fulana. Klabu ya historia ilikuwa ikikutana maktaba, ambako ndiko ninakofanya kazi. Siku hizi Jumatano nakaa humo peke yangu, nabandika majalada yaliyobanduka.

Shule iko katika mji mdogo kwenye reli, kati ya Tabora na Kaliua. Ni ya kidato cha tano na sita, kwa hiyo wanafunzi hupangiwa kuja hapa kutoka kila upande wa nchi, na wengi hushuka kwenye treni wakiuliza kama kweli wamefika. Mimi si mwalimu, ingawa wanafunzi huniita hivyo kwa heshima. Shule yangu iliishia kidato cha nne. Yaliyobaki niliyasoma mwenyewe, kwanza ghalani nilikokuwa napima marobota ya tumbaku, kisha hapa maktaba, rafu moja baada ya nyingine bila kuruka. Historia ilinishika kuliko masomo mengine kwa kuwa ilikuwa ya hapa hapa. Njia ya zamani ya misafara ilikatiza misitu hii kuelekea Ujiji, na wapagazi waliobeba pembe na vitambaa walikuwa wazee wa watu ninaokutana nao sokoni. Niliamini kwamba mtu akijua neno limetoka wapi, atalitumia vizuri. Bado naamini, lakini si kwa uhakika niliokuwa nao.

Mlezi wa klabu alikuwa mwalimu wa historia, kijana wa Kigogo kutoka Dodoma. Mimi nilikuwa msaidizi wake: kazi yangu kutafuta vitabu, kupanga viti na kufunga mlango. Watu wa huku na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, na yeye aliutumia utani huo kufundishia. Mkutano haukuanza mpaka matusi ya halali yamepita.

"Babu zenu," aliwaambia Jumatano moja, "walipita kwetu shingo zimepinda kwa mizigo ya watu. Sisi tumekaa tunawatazama."

"Mlikaa mnaomba, mwalimu!" akapaza sauti mvulana mmoja wa Sikonge.

"Hatukuomba, we hamali wangu. Tulitoza. Kuomba na kutoza ni mambo mawili. Anayeomba husimama. Anayetoza hukaa."

Wakacheka, wengine wakapiga meza. Walipotulia aliwaeleza alichotaka kueleza tangu mwanzo. Msafara ukiingia Ugogo ulisimama kwa mtemi, ukatoa vitambaa, ushanga au waya wa shaba kabla ya kuruhusiwa kupita na kuchota maji. Malipo hayo yalikuwa ya wazi. Yalijadiliwa mchana mbele ya watu, kila mmoja akijua kiasi, na msafara uliokuja nyuma ulilipa vilevile. Akageuka ubaoni akaandika jina lake: hongo.

Darasa likaguna. Neno hilo leo ni la kile kinachotolewa chini ya meza, na watoto wetu wamelijua kwa maana hiyo tu.

Ndipo aliposema msichana ambaye muhula mzima sikuwahi kusikia sauti yake. Alikuwa wa kidato cha tano, mtoto wa wafugaji wa Choma, wilaya ya Igunga, mrefu, mwenye tabia ya kukaa karibu na mlango kama mtu aliyeacha kitu nje.

"Maji hayo yalikuwa ya mto au ya kisima cha kuchimba?"

"Ya kuchimba," mwalimu akasema. "Kiangazi kwetu mto ni mchanga."

"Basi walikuwa na haki."

"Nani? Sisi?" Mwalimu akajishika kifua. "Andikeni tarehe! Msukuma amenipa haki."

Hakucheka. Alieleza, polepole, kama anayezungumza na watu wasiojua ng'ombe. Kwao kiangazi watu huchimba kwenye mchanga wa mto mpaka maji yatokeze. Mwenye kisima hulala hapo hapo akikilinda. Akija mtu na kundi kubwa, akanywesha akaondoka, mwenyewe asubuhi atakuta tope. "Lazima atoe kitu," akasema. "Si kwa ubaya. Na wewe ukishapokea, huwezi tena kumnyima. Umeshakuwa na deni la maji kwake."

Mwalimu alinitazama juu ya vichwa vyao. Sidhani kama kati yetu kulikuwa na mmoja aliyewahi kulifikiria jambo hilo kutokea upande wa kisima.

Kutokana na maneno hayo klabu iliamua kutunga mchezo. Wao walitunga, sisi tulisahihisha tarehe na mavazi. Msafara unafika Ugogo umechoka. Kirangozi, yule anayeongoza mbele na bendera, anataka wapite bila kulipa. Mtemi anawakalisha. Mabishano yanapanda na kushuka, wapagazi wanaanza kuzirai kwa kiu, hatimaye mzigo mmoja unafunguliwa na kitambaa kinatolewa. Mtemi anapokea, anainuka kitini kwa mara ya kwanza, anachota maji kwa mkono wake mwenyewe na kumnywesha mpagazi wa mwisho kabisa, yule mdogo anayebeba masufuria. Mchezo unaishia hapo.

Nafasi ya mtemi walijaribu wavulana watatu. Wote walifoka na kukunja nyuso, kila mmoja akidhani mtawala ni mtu mwenye makelele. Msichana wa Choma alikaa pembeni akiwatazama, mwisho akasema, "Siyo hivyo." Akakaa kwenye kiti. Aliegemea, akatazama upande, mbali na aliyekuwa akizungumza naye, akanyamaza muda ambao ulianza kututia wasiwasi. Kisha akasema taratibu, karibu kwa upole:

"Mgeni, si unajua desturi?"

Mvulana wa Sikonge, aliyekuwa kirangozi, akasahau maneno yake. "Mwalimu," akasema, "huyu mimi nitamlipa hata kwenye mazoezi."

Kuanzia hapo hapakuwa na ubishi juu ya nani awe mtemi. Nilimpa vitabu vyote nilivyokuwa navyo juu ya misafara, naye alivisoma na kuvirudisha bila kuvikunja kurasa, jambo ambalo mtunza maktaba halisahau. Nilijivunia kwamba mtemi yule alikua mbele ya macho yangu, kutoka rafu ya tatu.

Mwaka ule kulikuwa na tamasha la klabu za shule mjini Tabora, na kila shule ilipeleka klabu moja. Mkuu wetu wa shule, mama mtulivu asiyependa maneno mengi, alitangaza kwamba klabu itakayofanya vizuri zaidi Siku ya Klabu, mbele ya wazazi na wageni, ndiyo itakayokwenda. Sikumwona msichana yule akitaka kitu kingine chochote kwa namna ile. Siku moja alipokuwa akirudisha kitabu nilimuuliza kwa nini Tabora inamsumbua hivyo, wakati wenzake wanachotaka ni chipsi na safari ya treni.

"Baba anaweza kufika Tabora," akasema. "Huku ni mbali. Nataka anione nikisema mbele za watu. Nyumbani mimi ni bubu, mwalimu. Kaka zangu ndio wanaosema."

"Na baba akikuona?"

"Nataka auone mchezo wote," akasema, na sikuuliza zaidi.

Siku ya Klabu ilifanyika ukumbi wa chakula, meza zikiwa zimesukumwa ukutani. Skauti walifunga mafundo, wa mazingira walitembeza miche, kwaya zikaimba. Klabu ya kupinga rushwa ilitoa ngonjera, na kabla ya ngonjera ilitundika ukutani bango lake, kitambaa kirefu cheupe chenye herufi nyekundu: KATAA RUSHWA. Walipomaliza hawakulishusha. Lilikuwa limefungwa juu sana, ngazi ilikuwa imesharudishwa stoo, na ratiba ilikuwa imechelewa. Hivyo mchezo wetu ukachezwa chini yake. Nililiona, wote tuliliona, na hakuna aliyeliona kuwa tatizo. Kwetu sisi mambo yale mawili hayakuwa na uhusiano.

Mchezo ulikwenda vizuri kuliko mazoezi yote. Aliposema "Mgeni, si unajua desturi?" ukumbi ulinyamaza mpaka nikasikia sufuria jikoni. Aliposema "Bila hongo hupiti," mgeni rasmi, ofisa mmoja aliyetoka wilayani, alicheka akapiga paja. Mwishoni, alipoinuka na kumnywesha yule mpagazi mdogo, mama mmoja nyuma yangu alifuta macho kwa ncha ya kanga. Mkuu wa shule alisimama akasema klabu ya historia itakwenda Tabora. Mwalimu Mgogo alimpa msichana mkono akamwambia, "Leo umekuwa Mgogo, pole sana." Naye akacheka, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana mwanya.

Wanafunzi hawaruhusiwi simu, lakini ukumbini kulikuwa na watu wazima wengi, na karibu kila mmoja alikuwa ameinua yake. Sijui ni nani aliyekikata kipande kile, na sidhani alikusudia ubaya. Pengine aliona kinachekesha, na kweli kilichekesha. Kilikuwa kifupi. Kinaanza msichana mwenye sare ya shule, amejitanda kitambaa begani, amekaa kitini ameegemea, nyuma yake herufi nyekundu zinasema KATAA RUSHWA. Anasema, "Mgeni, si unajua desturi? Bila hongo hupiti." Wenzake wanaitikia, "Tutalipa, tutalipa!" Ukumbi unapiga makofi. Kinakatika.

Kabla ya wiki kuisha mji mzima ulikuwa nacho. Muuza nyama alinisimamisha.

"Mzee wa vitabu, mmefungua na kozi ya hongo sasa? Ada yake inalipwa juu ya meza au chini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa kirefu, misafara, Ugogo, kitambaa, maji. Alinisikiliza akiwa na kisu mkononi, akatikisa kichwa kwa heshima. "Sawa kabisa, mzee," akasema. "Sasa hiyo kilo ya mifupa utatoa na ya kupita?"

Kwangu yalikuwa mzaha, na yaliishia hapo. Kwa msichana wa Choma hayakuishia. Vijana wa bodaboda walimwona akienda zahanati na mwenzake, wakaanza: "Mama Hongo! Mama Hongo, tupitishe basi!" Kwenye foleni ya chakula shuleni wanafunzi walimwinamia na sahani, "Mtemi, nitoe ngapi nipate nyama?" Mwenyekiti wa klabu ya kupinga rushwa, mvulana nadhifu aliyefunga vifungo vyote mpaka shingoni, alikuja maktaba kulalamika.

"Mwalimu, lile bango ni letu. Watu wanatuuliza sisi."

"Mlilisahau ukutani," nikamwambia.

"Hatukulisahau. Tuliliacha. Lakini hatukuliacha ili akae chini yake mtu anayedai hongo."

"Ni hongo ya zamani," akasema msichana, aliyekuwa kwenye rafu akitafuta kitabu.

"Zamani haina fulana, dada yangu," yule mvulana akajibu. Alisema kwa utani, nadhani hata kwa kumpenda kidogo, lakini msichana alikirudisha kitabu alichokishika na kutoka.

Mkuu wa shule alituita ofisini, mwalimu na mimi. Nilikwenda nimejiandaa kueleza maana ya neno. Alinikata mapema, kwa adabu.

"Maana yake naijua, baba. Nimefundisha historia kabla sijakalia kiti hiki. Nimelifundisha neno hilo hilo. Lakini simu haina tanbihi. Nikiwapeleka Tabora, kitakachosemwa ni kwamba shule hii ndiyo ile."

"Kwa hiyo hatuendi?" mwalimu akauliza.

"Mtakwenda. Badilisheni neno. Semeni ushuru."

Lilikuwa pendekezo la haki, na tulilijaribu kwa moyo wote. Jumatano ile mtemi alikaa, akaegemea, akasema, "Mgeni, si unajua desturi? Bila ushuru hupiti." Mvulana wa Sikonge alijitahidi asicheke, akashindwa. Neno lile lilikuwa la mtu mwenye kofia na kitabu cha risiti kwenye geti la mnada. Wakajaribu kodi, ikawa mbaya zaidi. Wakajaribu zawadi, mtemi akawa mtoto anayesubiri sikukuu. Mwalimu akasema waendelee tu, watazoea. Msichana aliendelea kufanya mazoezi, na kila aliponiona aliniuliza kama barua za wazazi za tamasha zimeshatumwa. Nikajua bado anataka kwenda, kwa neno lolote.

Tulikuwa kwenye ushuru bado baba yake alipofika.

Alikuja bila taarifa, asubuhi, amevaa koti zito na viatu vyenye vumbi la safari ya siku mbili. Mkuu wa shule aliagiza niitwe, akijua mimi ndiye ningeweza kumsalimia kwa lugha ya kwao. Nikamwambia, "Mwangaluka, baba," naye akaitika, akashusha mabega kidogo. Akavua kofia, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mimi simu yangu ni ya kupigia tu," akasema. "Jirani ndiye alinionyesha. Akaniuliza, huyu si binti yako? Nikamwambia ni yeye. Nimekuja kujua amefanya kosa gani."

"Hajafanya kosa," mkuu wa shule akasema. "Ni mchezo wa kuigiza. Umetupa sifa."

Akanipa nafasi, nami nikaeleza. Nilieleza vizuri kuliko nilivyomweleza muuza nyama. Nilimwambia neno hilo enzi hizo lilikuwa la wazi na la heshima, lilikuwa haki ya mwenyeji, na kwamba binti yake ndiye aliyetufungua macho. Alisikiliza yote bila kunikatiza.

"Nimekuelewa," akasema. "Zamani lilikuwa neno zuri." Akageuza kofia mikononi. "Naomba asiigize tena."

Mkuu wa shule akamweleza kwamba neno limeshabadilishwa.

"Hapana, mama. Siyo neno." Alitafuta Kiswahili chake. "Mimi ni mfugaji. Mwaka jana ng'ombe wangu walizuiliwa njiani. Sitaki kusema zaidi ya hapo."

Mwalimu Mgogo alikuwa amesimama mlangoni. Alimpenda msichana yule kama mwalimu anavyompenda mwanafunzi anayemwona mara moja katika maisha ya kazi, na aliona kila kitu kinaondoka. Akafanya kile ambacho mtu wa kwao angefanya mbele ya mtu wa kwetu. Akaingia, akakunja mikono, akasema kwa sauti ya utani:

"Mzee, mimi Mgogo, mtani wako. Umeingia kwangu bila hongo. Huyu binti simwachii mpaka unilipe."

Siku nyingine yoyote mzee angemrudishia, nasi tungecheka, na baada ya kicheko mambo mengi huzungumzika. Nimeona misiba ikitulizwa hivyo. Mzee alimtazama kwa muda, bila hasira.

"Mtani," akasema, "utani una siku zake. Leo si siku yake."

Mwalimu akasema, "Nisamehe, baba," akatazama sakafu.

Binti aliitwa. Alipiga goti kumsalimia baba yake, akasimama. Mzee alimwambia maneno machache kwa Kisukuma, polepole, na ingawa lugha ile naielewa sikuyasikia yote, kwa kuwa aliyasema kwa sauti ya chini ya mtu anayeomba. Msichana akajibu, "Sawa, baba." Kisha akamsindikiza baba yake mpaka getini, nasi tukabaki ofisini tukitazama kalenda.

Hakuna aliyeonewa. Mkuu wa shule alifanya alichopaswa, baba alifanya kilicho haki yake, na hata yule aliyekata kipande cha video, kama angeulizwa, angesema alicheka tu kama wengine. Kwa muda mrefu nilitafuta mahali pa kuweka lawama, kwa utaratibu ule ule ninaotafutia kitabu kilichopotea, nikakosa rafu. Labda ndiyo maana majuto yake hayaishi. Kosa lenye mwenyewe huombewa msamaha.

Tabora walikwenda wa kupinga rushwa, na fulana zao na bango lao. Walirudi na cheti, na mvulana nadhifu alikuja mwenyewe maktaba kukionyesha, akasema, "Ingekuwa nyie mngeshinda, mwalimu. Sisi tumeshiriki." Nilimpenda kwa kusema hivyo. Mwalimu Mgogo alihamia shule ya karibu na kwao mwaka uliofuata. Alikuwa ameomba uhamisho kabla ya mambo haya yote, lakini nadhani hapo mwanzo alikuwa ameomba bila kutaka apewe. Mwalimu aliyekuja baada yake ana vipindi vingi. Klabu ilikutana mara chache nikiwa mimi tu, kisha wakaanza kupungua, mmoja kwa skauti, wawili kwa kwaya. Msichana wa Choma aliingia klabu ya mazingira. Kidato cha sita chote nilimwona Jumatano akipita dirishani na ndoo, mgongo wima, na aliponiona aliniamkia vizuri. Hakuazima tena vitabu vya misafara. Aliazima vya biolojia.

Siku alipomaliza nilimkuta stesheni. Nilikuwa nimekwenda kupokea katoni la vitabu kutoka Tabora, naye alikuwa akisubiri treni ya kwenda huko, sanduku la bati miguuni. Treni ilikuwa imechelewa kama kawaida, hivyo tulikaa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Sasa unarudi kwa ng'ombe?"

"Narudi kwa baba. Ng'ombe wamebaki wachache."

Tukazungumza juu ya mitihani. Kisha, kwa kuwa nilijua pengine sitamwona tena, nilimuuliza jambo ambalo lilikuwa limenikaa. Nilitaka kujua ni kitabu gani kilimpa mtemi yule, namna ile ya kuegemea na kutazama pembeni, kwa sababu mimi nilivisoma vyote na sikuikuta.

Akatabasamu kidogo, si kwa furaha.

"Hayumo kwenye vitabu. Nilimwona siku ng'ombe walipozuiliwa. Nilikuwa likizo, nilikuwa nyuma na fimbo. Yule aliyewazuia alikuwa amekaa. Hakudai kitu. Hakutaja hongo wala ushuru. Alitazama tu pembeni, akamwambia baba, 'Mzee, si unajua utaratibu?' Baba akasimama mbele yake, jua lote lile. Akatoa. Na alipokwisha kutoa, ng'ombe hawakuruhusiwa hata kunywa. Wengine walianguka njiani."

Nilikumbuka ofisi, mzee akigeuza kofia, na mimi nikimweleza asili ya neno.

"Siku ile ofisini," nikasema, "alikuambia nini?"

"Aliniambia, 'Umemwigiza vizuri sana, mwanangu. Usinirudishe pale.'"

Mbali upande wa Kaliua honi ikalia, na watu wakaanza kuinua mizigo. Alisimama, akashika mkono mmoja wa sanduku, mimi nikashika wa pili.

"Mimi sikutaka kumrudisha pale," akasema. "Nilitaka aone mwenye haki ya kupokea anavyofanya. Anapokea, halafu anainuka, anatoa maji. Nilitaka auone mwisho wake. Kile kipande kilikatwa kabla."

"Hukumweleza?"

"Nilimweleza, siku ile ile, pale getini. Nilimsimulia mchezo wote mpaka mwisho, mpaka yule mtoto anavyonyweshwa."

"Akasemaje?"

Treni ilikuwa imeshaingia na ilibidi ainue sauti.

"Alisema, 'Maji hayo sikuyaona.'"